Taarifa ya mwaka ya familia inasomwa tarehe 26: niandike yote au mema tu?

Binti wa Uru (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na naomba utani uwe kidogo maana usingizi wenyewe siupati.

Sisi ni watu wa Uru, Moshi Vijijini. Kama mnavyojua, Desemba kwetu kila mtu anapanda mlimani. Krismasi yenyewe ni kanisa na kula, ila kesho yake ndiyo siku ya kikao. Marehemu baba alianzisha utaratibu huu mwaka 1987. Baada ya chakula cha mchana viti vinapangwa uani, pembeni ya migomba, halafu inasomwa taarifa ya mwaka: nani kazaliwa, nani kaolewa, nani kaugua, shamba limetoa nini, ng'ombe kazaa au hakuzaa, nani hajamaliza mchango. Ikishasomwa inanakiliwa kwenye kaunta buku la baba, na kaunta buku hilo liko mpaka leo kwenye sanduku la mama. Kisichoandikwa humo, kwetu ni kama hakikutokea.

Baba alipofariki kazi ya kuandika niliachiwa mimi. Kaka mkubwa ndiye anayesoma.

Mwaka huu mazuri yapo mengi. Mama ametolewa mtoto wa jicho pale hospitali ya KCMC, sasa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe bila kumwita mjukuu. Kaka wa Mwanza kapata mapacha. Upande wa mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, tumeng'oa mibuni iliyochoka tumepanda parachichi. Mtoto wa dada kafunga ndoa.

Ila kuna habari moja si nzuri. Je, taarifa ya familia ibebe kila kitu, au mengine yasubiri wakati wake? Kwenu mnafanyaje?

Kiti cha Dirishani

Kwanza tiketi mmekata? Huko Dar, stendi ya Mbezi Luis, mambo yameshaanza kuwa magumu. Anayesubiri tarehe 22 atanunua kwa wapiga debe. Mimi tangu treni ya Moshi irudi mwaka 2019 nimehamia huko, japo nayo behewa zinajaa mapema. Hizo taarifa mtasomeana mkifika salama.

Mama Wawili

Mdogo wangu, andika mema tu. Nakwambia kwa uchungu.

Ukweni kwangu nao wana kikao kama hicho. Mwaka wa tatu wa ndoa, shemeji yangu alisoma: "Kwa kaka wa pili bado hawajajaliwa mtoto, tunaendelea kuwaombea." Watu zaidi ya thelathini, wameshika sahani za ndizi. Kila mmoja aliacha kutafuna akanitazama tumbo. Nilikuwa nimebeba jagi la mbege, pombe ya ndizi, na sikumbuki nililiweka wapi. Hakuna aliyeniuliza kabla kama habari hiyo naridhia isomwe. Leo nina wawili, walisomwa kwa shangwe na vigelegele, lakini ule mwaka haujanitoka.

Habari ya mtu ni ya mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu

Taarifa yoyote ina mpangilio wake. Anza na waliotangulia mbele za haki, kisha wagonjwa, waliozaliwa, ndoa, elimu ya watoto, shamba na mifugo, mapato na matumizi, mwisho maazimio. Vijana wa siku hizi mnachanganya taarifa na umbea. Jambo likiwa kweli na likiigusa familia, linaandikwa. Likiwa aibu ya mtu mmoja, linamalizwa chumbani na wazee.

Ushago Moja kwa Moja

Salamu kutoka Kakamega. Sisi Waluhya pia Desemba hatubaki Nairobi, tunarudi ushago kuku wakihesabu siku zao. Lakini kwetu hakuna kuandika, ni mdomo tu, na ndiyo maana kila mwaka tunagombana upya kuhusu shamba lile lile. Hilo kaunta buku la mzee wenu ni mali kuliko ng'ombe. Lilindeni.

Fundi Bomba

Mleta mada, unaomba dawa na ugonjwa hujautaja. Hiyo habari ni ipi? Mimba? Jela? Mtu kauza shamba? Majibu hayawezi kuwa sawa.

Binti wa Uru

Basi niseme. Ni mdogo wetu wa mwisho. Kadisko.

Alikuwa mwaka wa pili chuo. Masomo yalimlemea, Septemba akafanya sapu, yaani mitihani ya marudio, Oktoba majina yakabandikwa na lake likawa kwenye orodha ya walioondolewa. Bodi ya mikopo walimnyima tangu mwanzo, kwa hiyo ada tulikuwa tunachanga sisi wanne. Aliniambia mimi peke yangu.

Nyumbani hakuna anayejua. Mama kanenepesha dume la ng'ombe bandani kwa ajili ya mahafali ya mwakani, kila asubuhi analikatia majani mwenyewe huku analisemesha. Na presha anayo. Kwa hiyo kwenye rasimu niliyomtumia kaka nimeandika: "Kitindamimba anaendelea vizuri." Sidhani kama nimekosea. Anaendelea vizuri kweli, anakula, ana afya, hajaingia kwenye pombe. Mnaonaje?

Fundi Bomba

Kumbe rasimu ilishatumwa! Hapo unatafuta wa kukuitikia tu.

Binti wa Uru

Sijaja kutafuta wa kuniitikia. Ni rasimu, inaweza kubadilishwa. Ila mimi ndiye ninayeishi na presha ya mama, si nyie. Likizo zote niko naye.

Mzee wa Kihamba

Binti, mimi ni mtu wa Kibosho, hayo ya kwenu nayafahamu. Huyo angekuwa wa katikati ningesema nyamaza. Lakini kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya mama na kihamba, yaani shamba la ukoo la nyumbani. Habari yake ni habari ya nyumba. Kaka zako wanapanga maisha yao wakijua dogo atakuwa na kazi ya mshahara mjini na kihamba mtatafutiana mtu wa kukiangalia. Ukiwaficha, unawafanya wapange kwa hesabu isiyo ya kweli.

Na dawa tunayo, iko mpakani mwa shamba. Kijana akate isale, jani letu la kuombea msamaha, aende kwa kaka yake mkubwa kabla ya kikao, ampe mkononi. Mchagga akiletewa isale hakatai kusikiliza. Anaweza kufoka, anaweza kunyamaza siku nzima, lakini kukataa hakatai.

Mama Wawili

Mzee umenena. Ila aende mwenyewe, asisomewe mbele za watu.

Mpenda Hesabu

Wakuu, mnatoa machozi bure. Hii ni chai, hadithi ya kutunga.

Nimesoma mara mbili. Anasema dogo kaondolewa Oktoba. Mwaka mpya wa masomo ukaanza, ndugu wanaendelea kuchanga. Vyuo vya siku hizi ada inalipwa kwa kontroo namba, na namba inatolewa kwa mwanafunzi aliyemo kwenye mfumo. Aliyedisko namba anaitoa wapi? Hao ndugu zake wanalipa ada hewani miezi miwili wasijue? Mleta mada kakaa na kopo la chai anatunywesha tu.

Kiti cha Dirishani

Hahaha, na mimi nilishangaa. Chai ya tangawizi hii.

Ushago Moja kwa Moja

Kumbe mnaziita chai? Lakini Hesabu ana hoja. Dada, jibu hapo.

Dereva wa Usiku

Mimi naamini. Yalinikuta mwaka wa kwanza. Nilikaa mtaani miezi saba nikiwaambia wazazi nasoma, kila asubuhi natoka na begi. Kama hujapitia huwezi kuelewa.

Binti wa Uru

Nimesoma tuhuma, zimeniuma, lakini Mpenda Hesabu ameuliza swali la haki.

Ndugu hawalipi chuoni. Wanatuma kwangu, mimi ndiye nilikuwa nalipa, tangu mwaka wa kwanza. Novemba walituma kama kawaida, jumla shilingi 1,200,000. Sikuwarudishia. Nimemlipia dogo nafasi VETA, chuo cha ufundi stadi hapa Moshi, ufundi umeme wa majumbani, anaanza Januari. Zilizobaki ziko kwenye akaunti, hakuna hata mia iliyoliwa. Huyu mtoto tangu mdogo alikuwa anafungua redio za baba na kuzirudisha zikiimba. Chuo kilikuwa ndoto yetu sisi, yeye hakuwahi kusema anataka uhasibu. Nimefanya ambacho familia nzima ingekubali kama ingekaa ikafikiri.

Fundi Bomba

"Kama ingekaa ikafikiri." Lakini haikukaa, ulikaa wewe. Sasa mada imebadilika: habari ya dogo ni ndogo, kubwa ni hiyo milioni na laki mbili.

Mwalimu Mstaafu

Fedha ya mchango ina lengo. Kubadilisha lengo bila kikao ni kosa, hata kama VETA ni jambo jema, na ni jema kweli. Kipengele cha mapato na matumizi utaandika nini? "Ada imelipwa"?

Binti wa Uru

Mwalimu, hicho kipengele nimeandika "elimu ya mdogo wetu." VETA ni elimu.

Mzee wa Kihamba

Binti, tuache kubishana. Shule zimefungwa, bila shaka uko nyumbani. Muombe mama ufunguo wa sanduku. Tafuta baba yako aliandikaje mwaka mbaya. Halafu urudi utuambie.

Mpenda Hesabu

Naweka kambi hapa. Akirudi bila jibu, chai imethibitika.

Binti wa Uru

Nimechelewa kwa sababu jana tulikuwa tunakausha ulezi wa mbege.

Nilimwambia mama nataka kuangalia mpangilio wa zamani, akanipa ufunguo. Nimesoma tangu mwanzo. Baba alikuwa anaandika yote. Mwaka 1997 kaandika mvua za El Niño zimebomoa banda na mbuzi wawili wamekufa, na chini yake kataja nani aliacha mlango wa banda bila komeo: yeye mwenyewe.

Mwaka 1994, kwa kalamu nyekundu: "Mtoto wa kwanza amefeli kidato cha nne. Pesa ya kidato cha tano tuliyoweka tumempeleka nayo gereji kwa fundi. Mama yake hakupenda. Tumekubaliana." Huyo mtoto wa kwanza ndiye kaka mkubwa, mwenye duka la vipuri Dar, anayetusomea taarifa kila mwaka. Anasoma ukurasa wa mwaka husika tu, wa nyuma haujawahi kusomwa mbele yetu. Mimi nilikuwa mdogo, sikujua.

Neno lililonigusa ni "tumekubaliana."

Na jana usiku kaka kapiga simu. Kasema rasimu ni nzuri, ila kauliza mbona kila mtu ana aya nzima na dogo ana maneno matatu. Nikamwambia tutaongea ukifika. Akanyamaza kidogo akasema sawa.

Mpenda Hesabu

Hapo kwenye komeo la banda hakuna mtu anayetunga. Naondoa neno chai. Ila risiti ya VETA ihifadhi vizuri, na salio la benki lichapishe. Kaka mwenye duka ataanza na namba.

Fundi Bomba

Na usimwambie "wewe pia ulifeli." Utaharibu kila kitu.

Binti wa Uru

Siwezi kumwambia hivyo kaka yangu. Akitaka kufungua ukurasa ule ataufungua mwenyewe.

Tumeongea na dogo asubuhi hii. Alikataa, kisha akakubali. Kaka anaingia stendi ya Moshi tarehe 23 jioni, dogo ataenda kumpokea peke yake, na isale amesema atakata yeye. Mimi nitakuwa nyumbani na risiti na karatasi ya benki. Yale maneno matatu nimeyafuta, nimeacha nafasi ya mistari kumi. Kaka akishasikia, yeye na dogo wataniambia ijazwe vipi.

Mama Wawili

Na mama? Yule dume je?

Binti wa Uru

Mama ataambiwa na kaka tarehe 24 asubuhi, baada ya kumeza dawa zake, kabla wageni hawajajaa. Dume litabaki bandani. Likiuzwa au likichinjwa, ni neno la mama.