Ripota wa redio Kigoma naomba ushauri, nijifunze nini nisiachwe nyuma?

Mwana_Ujiji: Wakuu habari za usiku. Niko redioni mwaka wa 6 huu, kazi yangu ilikuwa rekoda, daftari na sauti basi. Siku hizi stori moja unatoa habari ya saa saba, klipu, picha na maelezo ya kuweka kwenye peji na vyote wanavitaka kabla ya saa sita. Nina laki nne nimedunduliza, nilitaka gimbo (kile kishikio cha simu cha kuzuia video isitikisike) na maiki ya kubandika shatini. Ila juzi nimepandisha picha ya boti imezama nikijua ni hapa mwalo wa Kibirizi, kumbe picha ya zamani tena ziwa lingine kabisa, mama mmoja akapiga simu analia mwanae yuko ziwani. Sikulala. Nianzie wapi?

Dagaa_Mkavu: Mwakeye ndugu, pole sana. Gimbo iache. Picha yoyote ipitishe kwanza Google Lens uone ilishawahi kutokea wapi, kuza uangalie maandishi ubavuni mwa boti, hiyo milima ng'ambo ni ya Kongo kweli? Halafu mpigie mtu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, pale mwaloni, dakika 3 tu unajua ukweli.

Bibi_Gazeti: Mwanangu jifunze kutunza namba. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi Mei 15 mpaka Agosti 15, kila mtu alitangaza kufungwa. Ripota aliyekuwa anaandika bei ya sado ya dagaa kila wiki, kabla, katikati na baada ya kufunguliwa, huyo ana stori ambayo mwenye simu mtaani hana. Exceli ya kawaida inatosha.

Mtu_wa_Kasulu: Diploma unayo? Maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeleta ithibati, yaani kibali cha kufanya uandishi wa habari, na kanuni zake zinataka stashahada, kama huna hiyo laki nne ni ya ada.

KameraSimu: Mimi natetea maiki. Video ikitikisika watu wanavumilia, sauti ikiliwa na upepo wa ziwa wanaondoka. Nunua yenye kisponji, simu ishike mikono miwili viwiko mbavuni.

Mwana_Ujiji: Asanteni sana. Diploma ninayo. Maiki nachukua, na kesho saa 11 alfajiri mitumbwi ikirudi niko Kibirizi na daftari la bei. Yule mama nimempigia, kijana alirudi salama. Nimeomba nisome masahihisho kwenye habari ya saa saba kwa sauti yangu, mhariri bado anasita, asubuhi namfuata tena.