Tupeane uzoefu: ulipobadilisha tabia moja ya afya, ni ipi nyingine ilifuata?

MamaKiamunyi (Nakuru)
Wadau, hamjambo. Mzee wangu aliacha sigara baada ya Pasaka nikadhani vita ni hivyo tu. Kumbe sigara na chai zilikuwa mtu na nduguye. Chai ya saa kumi aliinywa akiwa amesimama nje ya duka, kikombe mkono huu, sigara mkono ule. Sasa sigara imeondoka, chai imebaki, tena ile iliyokolea majani, na usiku anageukageuka kitandani hadi saa nane. Asubuhi amechoka, kutembea kazini hataki, anapanda boda. Tumbo nalo limeanza kutangulia. Sijui nianze kung'oa wapi. Elezeni yenu, hata kama si sigara.

NesiWaZamu (Kisumu)
Dada, anza na chai. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini, kile kichangamshi kilicho ndani ya chai, haraka. Mvutaji akiacha, ini hurudi mwendo wake wa kawaida, na kikombe kilekile alichozoea hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Hajaongeza hata kijiko cha majani, lakini mwili unaona ameongeza. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kuruka: wengi husema ni hamu ya sigara, kumbe chai ina mkono wake. Mpunguzie nusu, na ya mwisho anywe kabla ya saa sita mchana. Kuhusu tumbo, nikotini ya sigara huzima hamu ya kula, kwa hivyo wanaoacha huongeza kilo 4 hadi 5 hivi kwa wastani mwaka wa kwanza. Hiyo isimrudishe kwenye sigara, tafadhali.

BodaKondele
Mimi napiga boda usiku. Narudi saa kumi na mbili asubuhi, watoto wa ploti ndio wanaamka, redio ya jirani iko juu. Nikilala vipande vipande hivyo, usiku unaofuata njaa inayokuja si ya kawaida. Smoki, chapati mbili, soda, na bado macho yako kwa mwenye mayai. Na nimetoka nyumbani nimeshiba ugali na omena! Mke akaweka pazia zito, tukaongea na jirani vizuri kuhusu redio. Siku nikilala mpaka saa saba mchana, ile njaa haiji. Sijajinyima chochote.

NesiWaZamu
Ndiyo hivyo. Usingizi ukipungua, homoni ya njaa hupanda na ya shibe hushuka.

Section58
Mnasema tabia nzuri huvuta nzuri. Kwangu zilipigana. Jumamosi tunapanda mlima Menengai kwa miguu, tukishuka ni nyama choma na chipsi, "si tumechoma mafuta?" Mizani haikusogea. Sasa nabeba mayai ya kuchemsha na ndizi, tunakula tukiwa juu. Nikifika chini naweza kupita kwa mwenye nyama nikamsalimia tu. Wenzangu wananicheka, sawa.

ShosheWaKakamega
Wanangu, mimi nina presha. Daktari alisema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ukihesabu ile iliyo ndani ya vyakula. Jikoni niliweza. Tatizo lilikuwa njugu za chumvi mbele ya runinga jioni. Jirani akaanza kunipitia saa hiyohiyo, tunazunguka upande wa Bukhungu tukipiga soga. Njugu zikaisha zenyewe, maana saa yao imechukuliwa. Ila mvua ya Kakamega mnaijua, inapenda jioni. Ikinyesha nabaki ndani, na mkono unajua njugu ziko wapi.

MamaKiamunyi
Asanteni. Shoshe, hiyo ya saa nimeikopa: saa kumi sasa anapata uji wa wimbi, ndani ya nyumba, si dukani. Analalamika uji hauna stimu. Lakini jana alikuwa anakoroma kabla ya saa tano. Boda bado anapanda, hiyo tutaijia. BodaKondele, hilo pazia ni kitambaa gani?

BodaKondele
Jina silijui, mama. Tulilitoa soko la Kibuye, kwa wanaouza mitumba. Liinue juani kabla hujalipa. Ukiona mwanga unapenya, rudisha.