Wenye Land Cruiser, Defender na Escudo za zamani: tupeane uzoefu, gari ikigoma unajuaje ni mafuta au ni umeme?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Kwa sisi tunaoendesha hizi chuma za zamani hapa Dar, naomba tuweke hapa visa vyetu vya gari kugoma kuwaka au kuzima njiani, hasa vile vilivyotuzungusha kabla tatizo halijapatikana. Ombi langu moja: usiishie kusema "nilibadilisha kitu fulani ikapona". Eleza ulijuaje. Pesa nyingi zinaishia kwenye maduka ya Gerezani kununua spea ambazo gari haikuzihitaji, na jambo hilo linaniuma.

Naanza mimi. Nina Land Cruiser mkonga, injini 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, pampu yake haina kompyuta. Masika iliyopita ikaanza tabia: asubuhi inawaka mara moja, inaunguruma sekunde chache, inazima. Baada ya hapo ni kupiga stata mpaka betri inachoka. Ikishawaka, siku nzima haina neno, Bagamoyo unaenda na kurudi. Nikaambiwa ni hita plagi, zile za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha. Mwingine akasema nozeli. Wa tatu akataka pampu ishushwe ikapimwe.

Nikasita. Hita plagi mbovu hufanya gari igome kuwaka tangu mwanzo, siyo iwake vizuri halafu izime. Pampu iliyochoka nayo kwa kawaida husumbua zaidi injini ikiwa ya moto, na yangu ikiwa ya moto ilikuwa safi. Kilichobaki ni hiki: dizeli iliyomo ndani ya pampu inatosha kuwasha, lakini ikiisha hakuna nyingine nyuma yake. Yaani usiku mafuta yanarudi tangini na upepo unachukua nafasi yake. Nyumbani Goba napaki kwenye mwinuko, pua juu. Nikaigeuza, pua chini. Asubuhi ikawaka na kutulia.

Hapo nikaweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kati ya filta na pampu. Mapovu yalikuwa yanapita waziwazi. Kisha nikachukua galoni la dizeli safi, nikaunganisha mpira wake baada ya filta, mapovu yakaisha. Nikauhamishia kabla ya filta, yakarudi. Kwa hiyo hata mabomba ya chini yakiwa nje ya njia upepo unaingia, yaani kosa liko kwenye kichwa cha filta. Ilikuwa ile pampu ya mkono ya juu yake, mpira wa ndani umekakamaa kwa umri. Hapakuwa na tone la dizeli nje, ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Kutoka tangi hadi pampu kubwa mafuta yanavutwa, hayasukumwi, hivyo penye ufa upepo unaingia bila dizeli kutoka.

Karibuni.

Mdau wa Kigamboni:
Asante mkuu kwa uzi huu. Mimi nina Land Rover Defender, injini ya dizeli 300Tdi. Ilikuwa ikizima kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni, jua likiwa kali, halafu baada ya muda inawaka kama hakuna kilichotokea. Kila mtu alisema mafuta machafu, nikasafisha tangi, haikusaidia kitu.

Pampu ya injini hii ina swichi ya sumaku inayofungua mafuta ukiwasha na kuyafunga ukizima. Ukigeuza ufunguo bila kupiga stata, kwenye pampu unatakiwa usikie "tik". Yangu ilipozima, tik hakuna. Nikapima waya wake kwa mita, volti 12 zimo. Wengi wangeishia hapo na kununua swichi mpya. Mzee mmoja fundi wa huku Kigamboni akaniambia nichukue balbu ya indiketa, niunganishe pale pale badala ya mita. Balbu haikuwaka! Mita haivuti mkondo wowote wa maana, hata uzi mmoja uliobaki ndani ya waya unaipa volti kamili. Balbu inadai kazi. Tukauchana ule waya, ndani ni unga wa kijani karibu na mwisho wake. Chumvi ya bahari hiyo, nje plastiki ilikuwa nzima kabisa.

Kwa mwenye kupata shida hii njiani: waya kutoka chanya ya betri moja kwa moja hadi kwenye swichi ya pampu utakufikisha nyumbani. Ila jueni gari haitazimika kwa ufunguo, lazima uchomoe waya huo.

Fundi umeme, Ilala:
Mdau wa Kigamboni umesema jambo kubwa. Balbu ya kupimia ni kifaa cha kuheshimiwa.

Mimi gari ikiletwa hapa namuuliza kwanza mwenye gari: ilikufaje? Ikizima ghafla, bila kutetemeka, kama mtu kageuza ufunguo, naanza na umeme. Ikipungua nguvu, ikamisi, ikavutavuta ndipo ikafa, naanza na mafuta. Si sheria ya Mungu, lakini inanionyesha pa kuanzia.

Kisha napima. Betri iliyopumzika iwe volti 12.6 hivi. Injini ikiwa inaunguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Halafu kipimo ambacho watu hawakifanyi: ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi volti 0.5, ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini, imechoka. Niliwahi kupokea Land Rover ambayo kebo yake ya mafuta, ile ya pedali, ilikuwa inapata moto kila stata ikipigwa. Waya wa ethi wa injini ulikuwa umeliwa, umeme ukajitafutia njia kupitia kebo. Mwenye gari alikuwa ameshanunua stata.

Na jamani, alamu! Gari nyingi zinazofika hapa zimekatwa waya wa pampu au wa swichi ili kufunga alamu au kifaa cha kufuatilia gari, zikasokotwa na kufungwa selotepu. Joto la hapa likiyeyusha ile gundi, waya unalegea. Kabla hujafungua tangi, fungua chini ya dashibodi.

Dada wa Mbezi:
Kaka fundi, kanuni yako ya "ikipungua nguvu ni mafuta" kwangu ilinizungusha. Nina Escudo ya petroli. Ilikuwa inachoka ikipanda Kibamba mchana, lakini asubuhi haina neno. Dalili zote za mafuta. Filta mpya, bado.

Ukiweka swichi ya ufunguo, pampu ya Escudo inapaswa kunguruma tangini kwa sekunde kama mbili. Yangu ilinguruma, ila kwa sauti nzito ya uchovu. Nikamwomba fundi apime volti kwenye plagi ya pampu ikiwa inafanya kazi. Zilikuwa 9, wakati kwenye betri ni zaidi ya 13. Pampu ilikuwa nzima, inanyimwa chakula. Ethi ya nyuma kwenye chesisi ilikuwa kutu tupu, maana gari hii ilishapita mafuriko ya Jangwani kabla sijainunua. Kusugua, boliti mpya, grisi, basi.

Fundi umeme, Ilala:
Dada, hapo nakubali kabisa. Ni umeme uliovaa nguo za mafuta. Wenye Toyota za petroli za zamani, msitegemee ule muungurumo: nyingi pampu haifanyi kazi mpaka stata ipigwe. Kwenye kisanduku cha kupimia chini ya boneti unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa waya, swichi ikiwa imewekwa, pampu itazunguka usikilize.

Mdau, Tabata:
Kwenye kisanduku hicho hicho, Toyota Surf yangu ya injini 1KZ-TE niliunganisha matundu ya TE1 na E1, taa ya injini ikaanza kukonyeza namba za kosa. Ikikonyeza mfululizo kwa mwendo sawa, kompyuta haijaona kosa. Ni bure, kipande cha waya tu.

Mdau, Tegeta:
Msisahau mafuta yenyewe. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta halali, mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na mafuta ya taa kwenye dizeli ni adui wa pampu kama za 1HZ na 300Tdi, kwani zinalainishwa na dizeli hiyo hiyo. Mimi natoa mafuta ya chini ya filta, naweka kwenye chupa ya maji iliyo kavu, naiacha itulie. Maji yakiwemo yanakaa chini, unaona mstari. Fanyeni hivi hasa masika.

Mdau, Chanika:
Mleta mada, huo mpira unaoonyesha ndani umeupata wapi, na ni saizi gani? Nina 1HZ, dalili zile zile.

Mleta mada:
Chomoa wa kwako uende nao dukani, upate upana ule ule, na uombe wa mafuta, siyo wa maji. Funga klipu pande zote mbili, maana ukilegea utaingiza upepo wewe mwenyewe. Ukishapata jibu utoe, rudisha mpira mweusi, kwa sababu ule wa kuonyesha hukakamaa haraka kwa joto la injini. Ukiona mapovu rudi hapa useme yameanzia wapi.