Obo inanikosesha pumzi ilhali kifua kimejaa hewa, nifanyeje?

Mpulizaji_Kisumu
Wadau, hamjambo? Nilikuwa nikipiga klarineti kwenye bendi ya kanisa hapa Kisumu, sasa nimekabidhiwa obo, ala ya kupuliza yenye ridi mbili. Kabla ubeti haujaisha kichwa kinazunguka na shingo imekaza. Ajabu ni kwamba nikiacha kupuliza, hewa tele inatoka kifuani. Nimejaribu kuvuta pumzi ndefu zaidi, hali ikazidi. Noti za chini nazo hukwama mwanzoni, ama hutoka kwa kishindo. Naomba ushauri.

Mama_Kwaya
Hiyo pumzi ndefu zaidi ndiyo inayokuumiza, mwanangu. Tundu la ridi ya obo (vile vipande viwili vya tete unavyopulizia) ni jembamba mno: hewa inayopita ni kidogo, ila inahitaji msukumo mkubwa. Kwa hiyo huishiwi hewa, unabaki na hewa iliyochoka. Kaboni dayoksaidi inajaa, na hiyo ndiyo inayoufanya mwili udai pumzi. Toa kwanza, ndipo uvute. Kwenye karatasi ya muziki weka alama mbili tofauti, pa kutoa na pa kuvuta. Pumziko likiwa fupi, toa tu, uendelee na kilichobaki, uvute pumziko linalofuata. Na usijaze hadi kooni. Vuta kiasi cha kifungu kilicho mbele yako.

Ridi_Nakuru
Mama amemaliza la kuvuta. La kusukuma: weka viganja ubavuni, toa "sss" ndefu isiyoyumba, mbavu zibaki zimepanuka huku tumbo likifanya kazi. Kisha shika noti moja, anza kwa sauti ndogo, ikuze, ipunguze, ukitazama kwenye simu programu ya kupimia kama noti imekaa sawa. Ukipunguza sauti tumbo likalegea, noti itazama au itakufa, nawe utaanza kuibana kwa midomo. Hapo ndipo shingo inapokaza.

Noti za chini: ziba ridi kwa ulimi, jenga msukumo nyuma yake, halafu ondoa ulimi. Usiuruhusu ulimi uigonge ridi.

Mpulizaji_Kisumu
Asanteni sana. Je, nijifunze kupuliza bila kukata, kama wapiga zumari wa Pwani?

Mkaya_Kilifi
Bado mapema, ndugu. Mpiga zumari huingiza ridi yote kinywani, akaweka akiba ya hewa mashavuni na kuisukuma huku akivuta kwa pua. Wewe ridi unaishika kwa midomo, mashavu yakivimba mshiko unaharibika. Tena njia hiyo inakuongezea hewa tu, na shida yako ni kutoa.

Mpulizaji_Kisumu
Nimejaribu kutoa kwanza mazoezini leo, kizunguzungu kimepungua kweli. Lakini noti za chini kabisa bado zinagoma.

Ridi_Nakuru
Jaribu ridi laini zaidi, uiloweke vizuri majini kabla ya kupiga. Zikigoma hata hapo, acha kuongeza nguvu. Mpe fundi akague pedi, vile vizibo vya matundu ya ala, huenda moja inavuja.