Amethisto kwenye pete ya fedha imepauka: uchafu au jua?

BintiKikwajuni: Assalaam alaykum. Nna pete ya fedha ya amethisto, kito cha zambarau. Ilikuwa zambarau ya kuiva kama biringani, sasa hafifu, na fedha inapiga weusi. Hukaa dirishani upande wa bahari. Sonara aing'arishe, au niliuziwa chupa, yaani kioo, si kito?

Sonara_Hurumzi: Waalaykum salaam bibie. Osha kwanza. Mafuta ya nazi, losheni na moshi wa udi hujikusanya chini ya kito, basi mwanga haurudi na kito huonekana kimekufa. Bakuli la maji vuguvugu, matone 3 ya sabuni ya vyombo, loweka dakika 10. Kisha mswaki laini wa mtoto, kwa nyuma, baina ya meno yanayokishika. Dawa ya meno usiiguse: itaichuna fedha.

Ikibaki hafifu, ni jua. Rangi hutokana na chembe za chuma ndani ya kwatzi, madini ambayo amethisto ni aina yake, zilizopigwa na mnururisho wa miamba kwa miaka mingi mno. Jua kali la muda mrefu huifuta, na kung'arisha hakuirudishi, maana imo ndani ya kito, haiko juu. Weusi ni mambo ya fedha na unyevu wetu. Iweke kwenye kifuko kilichofungwa, kabatini.

Mkoani_Vito: Kuhusu chupa: itie kwenye gilasi ya maji juu ya karatasi nyeupe, tazama kwa lenzi ya mara 10. Ya asili mara nyingi rangi hukaa kwa mistari iliyonyooka yenye pembe, penye nzito na penye nyepesi. Mapovu ya duara ni chupa. Ila iliyokuzwa maabara nayo ni kwatzi kweli. Hapo jicho halitoshi, ni vipimo vya maabara.

BintiKikwajuni: Nataka na kuipunguza, imenipwaya. Na ufukweni Paje naweza kuivaa?

Sonara_Hurumzi: Mwambie sonara wako akitoe kito kabla ya kuchomea. Moto wa nyuzi 400 za Selsiasi na zaidi huigeuza amethisto ikawa manjano au kahawia, na ikitiwa maji ingali moto hupasuka.

Mchanga wa Paje ni wa matumbawe, laini. Kito kina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, mchanga huo hautakikwaruza. Mchanga wa kujengea ndio wenye kwatzi, ugumu sawasawa. Usiifute pete kavu ikiwa na vumbi, na usiichanganye kisanduku kimoja na yakuti, kito kigumu zaidi.

Mkoani_Vito: Na kwenye maji ya klorini ivue, fedha haipendi.