Kufanyia kazi nyumbani ni unyonyaji, nirudishieni dawati langu ofisini

Wakuu, mnaosifia kufanyia kazi nyumbani leo naomba mniache kwanza nifoke.

Kabla ya 2020 ofisi ilikuwa na umeme wake, intaneti yake, kiti chake na mtu wa kufagia. Sasa vyote nimevibeba mimi, mshahara ule ule. Yaani nimempangisha bosi chumba changu cha kulala, halafu kodi nalipa mimi! Mgongo nao hoi, maana kiti cha mezani hakikutengenezwa kukaliwa saa nane.

Na hizo saa nane ni za kwenye mkataba tu. Zamani nikizima kompyuta kazi inaishia mlangoni. Siku hizi saa tatu usiku simu inalia: "Upo? Ni kitu cha dakika mbili tu." Dakika mbili gani zinazoishia saa tano? Usipojibu, kesho unaulizwa ulikuwa wapi, maana kwao nyumbani ndiko kazini. Ureno walishaliona hili: sheria yao ya 2021 inamtaka mwajiri amwache mfanyakazi apumzike, na gharama za ziada za kufanyia kazi nyumbani azibebe yeye. Sisi wengine tunategemea huruma.

Watu wa nyumbani nao sasa! "Si upo tu?" Nipo tu ndiyo nini? Mshike mtoto, angalia jiko, huku niko kikaoni na kamera imewashwa. Nikienda chooni, ile taa ndogo ya kijani ya kuonyesha nipo kazini, kwenye programu ya ofisi, inabadilika rangi, msimamizi anauliza kulikoni. Ofisini hakuna aliyewahi kunihesabia dakika za chooni.

Ila kinachoniuma hasa ni cheo. Kuna utafiti wa Stanford kwa wahudumu wa simu wa kampuni ya Ctrip, China, uliochapishwa 2015. Waliofanyia kazi nyumbani walizidi kwa 13% kiutendaji, lakini ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, kwenye kupandishwa vyeo waliachwa nyuma na wenzao wa ofisini. Nikajiona mimi kabisa. Mwezi uliopita nafasi niliyoisubiri kapewa jamaa niliyemfundisha kazi mwenyewe, tena kwa simu. Meza yake iko hatua tatu kutoka mlango wa bosi. Nilipouliza mbona mimi sikufikiriwa, nikajibiwa: "Aah, tulidhani wewe unapenda kukaa nyumbani."

Kukaa, wakuu. Wamesema kukaa.