Namba ya bili 88305 ya kupima vinyama vilivyoota utumboni (polipu): nahesabu vikopo au vipande?

mama_bili: Habari zenu wapendwa. Niko Minnesota, nimehamia bili za patholojia juzi juzi tu. Nina ripoti ya kolonoskopi hapa, kikopo A kina vinyama viwili, B kimoja, C kimoja. Vipande vinne, ila daktari wa maabara katoa majibu matatu, A kaipa jibu moja tu. Sasa 88305 niiweke mara nne au tatu? Bado sijatuma bima.

kaka_dallas: Tatu dada. We hesabu vikopo, vipande vya mle ndani na idadi ya slaidi achana navyo.

bi_zuhura: Tatu ni sawa, ila kaka hiyo ya vikopo itamponza siku moja. Kinachohesabiwa ni sampuli iliyotumwa iangaliwe peke yake na ikapewa jibu lake. Chukulia ngozi, daktari katuma vipande viwili kikopo kimoja lakini kimoja kakitia uzi na kwenye fomu kaandika chenye uzi ni cha begani kingine cha mgongoni, maabara ikaviangalia na kutoa jibu la kila kimoja, hizo ni mbili japo kikopo ni kimoja. Mama soma fomu NA ripoti, siku zote.

mama_bili: Asante sana bi Zuhura. Na tezi dume je? Mzee wa Medicare (ile bima ya serikali ya wazee), biopsi ya sindano, vikopo 12.

bi_zuhura: Hapo sahau 88305 kabisa, Medicare wanataka namba yao ya G0416 mara moja tu, hata sampuli ziwe ngapi, ni hivyo tangu 2015. Bima za binafsi kila moja na masharti yake, zipo zinazopokea 88305 kwa kila sampuli, kwahiyo angalia kwanza. Na ukizidisha ujue huyo mzee naye anatoa asilimia 20 yake, hilo linaniuma sana maana wengi wanalipa tu bila kuuliza.

kaka_dallas: Nimekupata bi Zuhura. Mama ongeza na titi, biopsi ni 88305, uvimbe uliotolewa na kingo zake (pale ulipokatwa) zikapimwa ni 88307, titi zima pamoja na tezi za kwapani 88309. Ripoti isipotaja kingo usipandishe namba, mpigie daktari wa maabara kwanza, kama alizipima ataongeza kwenye ripoti ndo utume.